Panya Hafukii Shimo

Askari wa kivukoni alilifungua fundo langu la kwanza, akanusa, akalifungua la pili, akanusa. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa Tana, Garissa ikiwa ng'ambo ya pili, bibi harusi wa juzi mwenye baibui lililojaa vumbi la lori, na mbegu zangu zote zilikuwa zimefungwa kwenye pembe za kanga moja kuukuu ya mamangu. Enzi hizo za Mwingereza mtu hakuingia wilaya ile kama anayeingia sokoni. Ilibidi uwe na ruhusa, na mume wangu, aliyekuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya serikali, alikuwa nayo mkononi. Ruhusa ilitaja mume na mke. Haikutaja mbegu.

"Hii nini?" askari akauliza.

"Mbegu."

"Ya dawa?"

"Ya mboga, baba."

Akachukua mbegu moja ya mumunye, akaitia menoni, akaing'ata, akaitema mtoni. Ndipo akatupungia mkono tupite. Mume wangu alicheka tangu tulipopanda kivuko mpaka tuliposhuka. Mimi sikucheka. Mamangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, ami zangu wakagawana shamba letu la mwambao wakalijaza minazi, na mumunye lile la kwetu halikuwa tena popote duniani isipokuwa kwenye pembe ile ya kanga. Askari alikuwa ametema moja.

Mumunye lenyewe lilikuwa fupi, nene kiunoni, halina shingo, na chini ya kikonyo lilizungukwa na mstari mweupe kana kwamba mtu amelifunga uzi. Ukilipika changa kwa tui na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, linalainika lenyewe bila kupondwa. Bibi yangu alilipanda, na mama yake bibi alilipanda. Kwetu mbegu ile haikutoka mlangoni. Ilitoka kwa mama kwenda kwa binti siku binti anapoolewa, basi, na jirani hata akipiga magoti aliambulia sahani ya mchuzi. Na kabla ya kuliacha lolote likomae kwa ajili ya mbegu, mamangu alichuma kwanza tunda changa la mche uleule, akakata kipande, akakitia ulimini kibichi. Likiwa tamu, mche ule ulifungwa kitambaa na tunda lake la pili likaachwa likauke. Likiwa na uchungu hata kidogo, mche mzima uling'olewa. "Macho yatakudanganya," aliniambia, "ulimi haudanganyiki."

Mimi ni mtu wa shaka, sifichi. Nimelelewa hivyo. Mamangu alikuwa akisema kikulacho ki nguoni mwako, kisha anazikung'uta nguo kweli. Kwa hiyo nilipopewa kipande cha ardhi kati ya kota yetu na mto, kidogo tu, cha kumwagilia kwa debe la kichwani, sikuwa na haraka ya kupokea mbegu za watu. Na walizileta. Bwana shamba alinipa pakiti za kabichi zenye picha ya kabichi kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Nikamuuliza yeye mwenyewe amewahi kuila. Akasema yeye hapendi mboga. Mwenye duka alinifungia mbegu za nyanya kwenye karatasi ya sukari, na mimi nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akila nyanya za mkebe. Wanawake wa mtoni waliniletea kunde, nikashukuru, nikazipika. Mbegu ya mtu nisiyemjua naila, siipandi.

Bustani ndogo haitaki tamaa. Nilichagua bamia letu lenye vimiba, ambalo watu hulikimbia lakini halilegei haraka likivunwa. Nikachagua rehani ya majani madogo, yenye harufu kali, nikaiacha ile ya majani mapana ambayo inapendeza machoni na chunguni haisemi kitu. Mchicha mwekundu nikaupa ukingo. Sehemu iliyobaki yote, ile nzuri yenye udongo mweusi wa mafuriko, niliiwekea mumunye.

Shamba lililopakana nami lilikuwa la mama mmoja wa makamo, mtu wa mtoni kwa asili, mzaliwa wa Balambala, Mwislamu wa swala tano, mrefu, mwenye sauti inayovuka mto. Alilima mahindi na kunde, lakini riziki yake ilikuwa vibuyu. Alivitambaza juu ya ua wa miiba uliotutenganisha, vile vyenye shingo ndefu na ganda gumu, akavikausha, akavitoboa, akavibadilisha kwa maziwa na samli na akina mama wafugaji waliokuja na ngamia wao kunywesha mtoni. Wengine walitoka mbali, njia ya Habaswein. Kibuyu chake kilikuwa na sifa: hakivuji.

Siku ya kwanza tu aliniita mwanangu. Mimi nikamwita jirani. Kwetu mwanamke wa umri ule huitwa mama, najua, na mume wangu alinikumbusha. Lakini mama ni mmoja na wangu nilikuwa nimemzika. Isitoshe, mtu anayekuita mwanangu kabla hajajua jina lako anataka kitu.

Na alitaka. Aliniona nimeloweka mbegu za mumunye kwenye bakuli, akainama juu ya ua.

"Mwanangu, hii mbegu gani?"

"Mumunye. La kula."

"Nipe kidogo na mimi."

"Jirani, usinilaumu. Kwetu mbegu haipewi mtu baki. Mama humpa binti yake, basi."

Akainamisha kichwa kwa adabu. "Ni sawa. Kila watu na mila yao."

Adabu ile ndiyo iliyonitia wasiwasi. Mtu aliyenyimwa hununa, na asiponuna ujue bado anapanga.

Nilizipanda zote, maana mbegu za mamangu zilikuwa zimekwisha kukaa sana na nilichelea zife. Asubuhi ya pili nikashuka na debe langu. Safu ya upande wa ua, ule wa vibuyu, udongo wake ulikuwa umekaa vingine. Nikachimba kwa kidole. Tupu. Shimo la jirani yake, tupu. Safu ile yote ilikuwa haina kitu ndani.

Nikapanda nyumbani mbio kumwambia mume wangu. Alikuwa anakunywa chai.

"Panya," akasema.

"Panya huacha maganda."

"Basi kanga. Kanga hufukua sana."

"Kanga akifukua hufukia? Udongo umerudishwa, umeshindiliwa kwa kiganja. Mimi sijaona panya anayefukia shimo."

Akafikiri kidogo. "Huenda ni panya aliyelelewa vizuri," akasema, akaendelea na chai yake.

Nilimchukia kwa siku nzima. Nilimwendea jirani uani, sikumtaja mtu, nikasema tu kwa sauti kwamba kuna mkono umeingia shambani mwangu, na Mungu anauona. Akaweka jembe chini. "Wallahi, mimi hapana jua," akasema, na uso wake haukuwa na mkunjo hata mmoja. Nikarudi kwangu nimekasirika zaidi. Mtu asiye na hatia hushtuka kidogo anapoapa.

Lakini mashimo yaliyobaki yalichipua. Mimumunye ikatambaa, ikatoa maua meupe yanayofunguka jua linapozama, na nondo wakaja. Nilikuwa nikikaa kwenye debe lililopinduliwa, magharibi inakaribia, nikiwatazama wanavyoruka kutoka ua langu hadi la jirani na kurudi. Niliwapenda. Katika shamba lile lote nondo ndio pekee ambao sikuwashuku.

Mavuno ya mwaka ule nayakumbuka mdomoni. Nazi hatukuwa nayo, nikapika kwa maziwa ya mbuzi, na mume wangu, ambaye kwao hawali mumunye, alikuwa anafuta bakuli kwa kidole. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilionja tunda changa la kila mche, kibichi, nikiwa nimefumba macho. Yote matamu. Nikafunga kitambaa, nikaacha matunda yakauke, nikatoa mbegu, nikazichanganya na jivu, nikazitundika juu ya meko ndani ya jiko langu lenye kufuli. Nililala vizuri miezi ile. Mbegu ya mama ilikuwa imeshika Garissa.

Msimu uliofuata matunda ya kwanza yalitoka na shingo.

Mwanzoni nilijiambia ni maji mengi. Kisha likatokea jingine lenye shingo ndefu zaidi, na halikuwa na mstari mweupe. Nikachuma moja ambalo angalau lilikuwa fupi, nikalipika bila kulionja, kwa ujinga wa kutumaini. Mume wangu alitia tonge kubwa mdomoni, akameza kwa heshima ya mke, akasimama. Uchungu wake ulikuwa wa kuufunga ulimi. Alishinda siku nzima anakwenda msalani na kurudi, dresa mzima wa serikali, akinywa dawa anazowapa wengine.

"Sasa nimeamini," akaniambia kutoka kitandani. "Mumunye huharibikia ukubwani."

Sikuwa na moyo wa kucheka. Nilishuka shambani nikaonja mche baada ya mche, nikitema. Mchungu. Mchungu. Mmoja afadhali kidogo, tena nao mchungu. Nikakaa chini kwenye matope nikalia kama siku ya msiba, maana ulikuwa msiba wa pili wa mtu yuleyule. Nilipomaliza kulia nikaanza kufikiri, na fikira zangu zilikuwa na njia moja tu. Mtu alikuwa amebadilisha mbegu zangu. Ameingia jikoni. Kufuli si kitu. Na ni nani mwenye mbegu chungu za shingo ndefu, magunia kwa magunia?

Nilikuwa bado nayapanga maneno alipokuja yeye kwanza. Alikuja na hasira, na nyuma yake mama mmoja wa Kisomali kutoka njia ya Habaswein, amebeba vibuyu vilivyopasuka.

"Mwanangu, umeniwekea nini shambani?"

"Mimi nikuwekee?"

Yule mfugaji akainua kibuyu kimoja, akakiminya kwa dole gumba. Ganda likabonyea. "Hii nabasuka," akasema kwa uchungu. "Maziwa ya safari yote namwagika. Bana, hii si kibuyu. Hii ni mboga."

"Miaka yote hapana mtu narudisha kibuyu yangu," jirani akaniambia. "Wewe nakuja, nanuna, nasema Mungu naona. Halafu vibuyu yangu nalegea. Kama si wewe nani?"

Nikamjibu. Sitaandika yote niliyomjibu, lakini neno mwizi lilikuwamo, na neno mchawi likafuata kutoka upande wake. Mume wangu alishuka, bado ameshika tumbo, akakuta tumesimama ua katikati yetu, mimi nimelishika mumunye langu lenye shingo, yeye kibuyu chake chenye ngozi laini. Akavitazama vyote viwili. Akachukua kile kibuyu cha jirani akakigeuza. Chini ya kikonyo, hafifu lakini upo, palikuwa na mstari mweupe.

"Hiki kina uso wa kwetu," akasema. Akaligusa langu shingoni. "Na hili lina shingo ya kwao. Jamani, mtoto akifanana na jirani, haulizwi mtoto."

Mama yule mfugaji ndiye aliyecheka kwanza. Jirani yangu alitazama ua wake uliojaa maua meupe, kisha akatazama mimea yangu. Mimi nilikuwa nawaona nondo wangu, wakienda na kurudi. Nilijua basi kwa nini ulimi wa mamangu haukumdanganya maisha yake yote. Kule kwetu tunapikia tui, hatuna maziwa ya ngamia ya kuweka vibuyuni, na hakuna mtu aliyewahi kupanda vibuyu karibu na mumunye letu. Tunda nililolionja Garissa lilikuwa tamu kweli, kwa sababu lilikuwa la mche mtamu. Mbegu ndani yake zilikuwa zimekwisha kuwa na baba mwingine, na ulimi hauonji baba.

Niling'oa mimea yote nikaichoma moto. Katika mbegu za ile kanga haikubaki hata moja. Jirani aliniletea bakuli la maziwa jioni ile, nikalipokea, nikalinusa kabla ya kunywa. Kuhusu vibuyu nilikuwa nimemwamini. Kuhusu yale mashimo, bado. Nondo naye hafukii shimo.

Ilipita mvua moja na kiangazi chake. Binti ya jirani, aliyeolewa Balambala, akajifungua mtoto wa kwanza, na mama mtu akatualika kwenye akika. Mume wangu alisema twende, kukataa si uungwana. Tukapanda lori la mchukuzi wa ngozi, tukafika tumekuwa rangi ya barabara. Walichinja mbuzi, wakapika wali, na kando ya wali wakaweka bakuli la mboga nyeupe iliyopikwa kwa maziwa.

Nilitia tonge mdomoni nikasahau kutafuna. Lilikuwa limelainika lenyewe bila kupondwa. Mume wangu upande wa wanaume alikuwa ameinua kichwa ananitafuta kwa macho, na nikajua naye amelijua.

Niliinuka nikaenda jikoni kama mgeni anayetaka kusaidia. Lilikuwepo moja bado halijakatwa, juu ya gunia: fupi, nene, halina shingo, limefungwa uzi mweupe. Nikalishika kwa mikono miwili. Nikachungulia nje. Nyuma ya nyumba, kwenye shamba la binti, mimumunye ilikuwa imetambaa hadi ukingoni mwa mto, na kote nilikotazama hapakuwa na kibuyu hata kimoja. Watu wa upande ule walikuwa wakinunua vyao Garissa.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni.

"Mbegu hii umeipata wapi?" nikamuuliza.

Hakuangalia chini. Mjukuu wake alikuwa mgongoni, amelala. "Hii? Ya bibi yangu. Kwetu iko tangu zamani."

Nyuma yake wanawake walikuwa wamekaa, mawifi wa binti yake, mkwe wa binti yake, nyumba nzima ya watu ambao binti angeishi nao kwa jina la mamake hadi kufa. Neno langu moja lingetosha. Nilikuwa nalo ulimini, nimelibeba tangu asubuhi ile ya mashimo, na nilikuwa na haki yake. Lakini baada ya neno lile nisingepewa hata ganda. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Naomba mbegu kidogo," nikasema.

Akanitazama kwa ile adabu yake. "Usinilaumu," akasema. "Kwetu mbegu hapana pewa mtu baki. Mama napa binti yake, basi."

Maneno yangu mwenyewe, aliyahifadhi vizuri kuliko nilivyohifadhi mbegu. Jikoni palikuwa na moshi, macho yakaniwasha, na sitasema ulikuwa moshi peke yake. Mwizi wangu alikuwa mbele yangu, na kama asingekuwa mwizi, mumunye la mamangu lingekuwa limekwisha. Nililiweka lile tunda juu ya gunia polepole.

"Nipe basi," nikasema. "Nipe, mama."

Alikwenda ndani. Akarudi na fundo la kitambaa, akaliweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole juu yake kwa mkono wake mgumu wa jembe, akasema, "Panda mbali na ua wangu, mwanangu."

Kwenye lori nililifungua lile fundo nikachukua mbegu moja, nikaing'ata, nione kama hakuzichemsha zisiote. Ilikuwa mbichi. Sikuitema.